Kalenda ya shilingi 4,000 juu ya cherehani yangu

Tangu nianze kushona hapa Mwanjelwa, Mbeya, sikuwahi kununua kalenda. Huwa zinakuja zenyewe kila Desemba: ya duka la vitambaa, ya chama cha kuweka na kukopa, ya duka la pembejeo. Mwaka huu wa 2026 nimetoa shilingi 4,000 kwenye duka la vifaa vya ofisi pale Kabwe nikanunua ya kwangu, na sasa imekaa ukutani mwezi mzima na siku kadhaa. Nawaandikia mafundi wenzangu, na yeyote ambaye kazi yake inafuata sikukuu.

Ni ya ukutani, karatasi moja kwa kila mwezi, imeshikwa juu kwa waya. Visanduku vya tarehe ni vikubwa, naandika humo jina la mteja na idadi ya nguo. Sikukuu za taifa ziko kwa rangi nyekundu na zimetajwa kwa Kiswahili. Pembeni ya kila tarehe kuna namba ndogo ya kijani ya mwezi wa Kiislamu. Dukani nilidhani ni pambo tu. Sasa naiona ndiyo thamani ya kalenda nzima.

Nieleze yaliyonipata mwaka jana. Kalenda niliyopewa bure iliandika Idd el Fitr tarehe 31 Machi, Jumatatu, wino mwekundu, bila neno lolote la mwandamo wa mwezi. Nami nilikuwa na kanzu tatu za watoto wa mama mmoja wa Kiislamu, mteja wangu wa siku nyingi. Nikamwambia aje Jumapili jioni. Jumamosi usiku, tarehe 29, akanipigia simu: "Fundi, sisi tunaswali kesho. Mwezi umeonekana nje." Familia yake inafuata mwandamo wa kimataifa. Sikukuu ya kitaifa ilikuwa Jumatatu kweli, kwa hiyo ile kalenda haikusema uongo, lakini watoto wale walikuwa wanaswali Jumapili asubuhi.

Nilirudi kibandani na mlinzi akanifungulia. Ya mdogo ilikuwa imebaki pindo tu. Ya wa kati haikuwa na vifungo, nikavishona kwa mkono kwa mwanga wa simu, maana umeme ulikatika saa sita. Ya mkubwa ilikuwa bado vipande, shingo imetiwa darizi lakini mikono haijaunganishwa. Hiyo sikuiwahi. Yule kijana alikwenda kuswali na kanzu ya mwaka juzi iliyomwishia juu ya vifundo vya miguu, na mama yake hakunisemesha neno baya. Akanishukuru kwa zile mbili. Afadhali angenigombeza.

Sasa fungua Machi ya kalenda hii. Tarehe 20 na 21 zote zimezungushiwa mstari wa nukta nukta, na chini imeandikwa: Idd el Fitr, kutegemea kuandama kwa mwezi. Aliyeipanga anaijua nchi hii. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na kwa Waislamu wengi hapa hauhesabiki mpaka uonekane kwa macho. Mwaka wao ni mfupi kuliko huu wetu kwa siku kama 11, ndiyo maana Idd haina msimu. Pasaka nayo inafuata mwezi: ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Ila wa Pasaka umeshapigiwa hesabu kwenye majedwali, miaka mingi mbele, na mchapaji anaweza kuuweka kwa wino mwekundu bila wasiwasi. Kuiandika Idd kwa uhakika uleule ni kumdanganya mtumiaji.

Na mwaka huu uhakika tunauhitaji kweli. Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, na Ramadhani inatarajiwa kuanza siku hiyohiyo au kesho yake. Kwaresima na mfungo vinakwenda bega kwa bega! Maana yake kanzu na madera yanatakiwa kabla ya Machi 20, kisha Ijumaa Kuu ni Aprili 3, wiki mbili tu baadaye, na kwaya zinataka sare. Sisi Wamoravian alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini, na akina mama wanapenda wawe wamevaa kitenge kimoja. Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6, na tarehe 7 ni Siku ya Karume. Wasichana wangu wawili ninaoshona nao walishaziona wenyewe siku hizo ukutani, wakaniuliza kwa adabu tunafungua lini. Nyuma ya kalenda sikukuu zote zimeorodheshwa, na hilo linatusaidia kwenye malipo, kwa sababu sheria ya ajira ya 2004 inataka anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Hapo hatubishani tena.

Kasoro zipo. Karatasi inang'aa mno, kalamu ya kawaida inateleza na wino unafutika kwa kidole, hivyo nimelazimika kununua kalamu ya wino mzito. Nane Nane imewekwa kama siku moja, Jumamosi tarehe 8 Agosti, wakati kwetu Mbeya ni wiki nzima pale viwanja vya John Mwakangale, na vikundi vya wakulima huja kutaka fulana na aproni mwishoni mwa Julai. Hiyo nimeiandika mwenyewe. Msumari nao utafute wako, kitanzi chake ni chembamba.

Pamoja na hayo naipa nyota nne kati ya tano, na mwakani nitarudi dukani mapema, maana zilikuwa zimebaki chache.

Wiki iliyopita yule mama alikuja na kitambaa cheupe mita tisa. Kabla hajakaa aliinua macho ukutani, akanyanyua karatasi hadi Machi, akaweka kidole kwenye zile nukta nukta na kusoma maandishi ya chini polepole. "Hii umeipata wapi, fundi?" Nikamwelekeza Kabwe. Kisha nikachukua tepu nikawapima watoto upya, mmoja mmoja, na kwenye kisanduku cha Jumatano tarehe 18 Machi nikaandika: kanzu tatu, kabla ya saa kumi jioni. Mkubwa ameongezeka inchi mbili na nusu.