Kozi ya kuandaa masomo ya mtandaoni: uzoefu wangu nikiwa Ujiji

Nafundisha Baiolojia sekondari hapa Ujiji, na nimemaliza kozi ya kuandaa masomo ya mtandaoni ambayo nimeisoma yote kwa simu. Naipendekeza, hasa kwa walimu wa huku kwetu ambao ratiba zao hupangwa na bando na umeme.

Imejengwa kwa mfumo wa HyFlex, ulioanzishwa na Brian Beatty katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco, Marekani. Mwanafunzi anaamua mwenyewe, wiki kwa wiki: aingie darasani, ahudhurie mubashara mtandaoni, au asome kwa wakati wake. Sisi wa mbali tulibaki na hizo mbili za mwisho. Sharti la mfumo huo ni kwamba njia yoyote utakayochagua ikufikishe kwenye maarifa yale yale, na ndiyo maana kumrushia mtu rekodi tupu ya kipindi hakutoshi.

Hapo walifanya kazi nzuri mno. Aliyekosa kipindi alisoma muhtasari au kusikiliza faili la sauti, kisha akaandika swali lake kwenye jukwaa la majadiliano. Mkufunzi alifungua kipindi kilichofuata kwa maswali hayo hayo, kwa hiyo hata mimi niliyesoma usiku wa manane nilikuwa na sauti darasani.

Kazi ya mwisho kila mtu aliiwasilisha kwa namna aliyoitaka. Nilichagua somo la sauti kuhusu ukaushaji wa dagaa, nikaenda mwalo wa Kibirizi kumhoji mama mmoja mwanikaji. Alinishikisha dagaa wa kwenye kichanja, kisha wa mchangani. "Shika mwenyewe, mwalimu. Hawa bado wana maji tumboni." Ukishasikia hivyo, kumweleza mwanafunzi kwa nini bakteria hawazaliani pasipo maji ni rahisi. Insha isingenipa sauti ya yule mama.

Kilichoniudhi ni majaribio ya kila wiki. Unapewa dakika 30, na mtandao ukikatika, muda unaendelea kuhesabiwa. Jaribio moja lilinikatikia katikati, nikaomba kurudia, nikakataliwa. Kozi inayohubiri kumjali mwanafunzi haipaswi kumwadhibu kwa sababu ya mnara wa simu! Tena walitumia Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, ambao unaruhusu jaribio kufanywa kwenye programu ya simu bila mtandao na majibu kutumwa baadaye, ilimradi mwandaaji asiweke kikomo cha muda. Nimewaandikia waondoe kikomo hicho.

Ukijiunga, pakua masomo ya wiki nzima kwa mkupuo mtandao ukiwa mzuri, usome bila bando. Video zinakula MB nyingi. Ziache, muhtasari na sauti vinajitosheleza.