Tathmini ya huduma ya kuombewa vibali vya kuchimba njia ya boti Mtera na Hombolo

Boti za Dodoma zinaelea Mtera na Hombolo, na mabwawa yote mawili yanapokea tope kila masika. Mtera inaletewa na Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo. Hombolo, bwawa la tangu 1957, inaletewa na mito ya Kinyasungwe. Mwalo, yaani mahali pa kushushia samaki, uliokuwa na maji ya kiunoni unageuka kuwa uwanja wa tope na matete, na samaki wanabebwa kichwani mita mia kadhaa kabla ya kufika kwenye mzani. Ndiyo maana siku hizi zipo ofisi za ushauri wa mazingira mjini ambazo kwa bei moja hukuombea vibali vyote vya kuchimba njia ya boti.

Tathmini hii inahusu kifurushi cha namna hiyo: jalada kamili, kuanzia muhtasari wa mradi hadi barua ya mwisho. Kwa jumla tunakipa alama 3 kati ya 5. Upande wa makaratasi kinaenda vizuri. Upande wa vipimo vya maji na tope, ambao ndio unaoamua kama kibali kitakusaidia au kitakufunga mikono, bado kina kasoro kubwa, na kasoro hizo mteja anaweza kuziona mwenyewe kabla hajalipa.

Kwanza, mlango wa kuingilia, yaani ofisi ya kuanzia kuomba. Watu wengi hudhani mradi ukiwa mkoa wa Dodoma basi kila kitu kinaishia Dodoma mjini. Sivyo. Maji hayafuati mipaka ya mikoa. Mtera iko Bonde la Rufiji, na bodi yake ya maji makao yake yako Iringa. Hombolo iko Bonde la Wami/Ruvu, makao Morogoro. Ukienda Bahi au maziwa ya Singidani na Kindai, hapo uko Bonde la Kati, na ofisi iko Singida. Mkoa mmoja na jirani yake, mabonde matatu. Mshauri anayejua kazi yake atataja bonde ndani ya dakika tano za kwanza za mazungumzo. Asipotaja, muulize. Akijikanyaga, tafuta mwingine.

Kwa Mtera kuna mlango wa ziada ambao vifurushi vya bei nafuu huuruka: TANESCO, shirika la umeme. Bwawa lile lilijengwa kwa ajili ya umeme, lina mitambo ya megawati 80 na linakihifadhia kituo cha umeme cha Kidatu maji. Huwezi kugusa sakafu yake bila barua ya ridhaa ya mwenye bwawa. Iombe mapema, kwa sababu majibu yake mara nyingi huja na masharti ya umbali kutoka ukuta na milango ya maji, na masharti hayo yanaweza kuhamisha njia yako yote.

Kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, mpangilio unaeleweka: mradi unasajiliwa, muhtasari unapelekwa, mradi unachujwa na kupangiwa kundi. Tangu marekebisho ya kanuni ya mwaka 2018 makundi ya kawaida ni A, B1 na B2, kutoka zito hadi jepesi, na uzito wa tathmini unategemea kundi hilo. Anayeamua kundi ni NEMC. Ofisi inayokuahidi "hii ni B2 tu, mzee, usiwe na wasiwasi" kabla mradi haujachujwa inakuuzia kitu isichokuwa nacho. Na anayesaini ripoti lazima awe mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa. Dai namba yake ya usajili, na mtaalamu huyohuyo mwenye namba aonekane uwanjani.

Sasa tuje kwenye kasoro iliyokishushia kifurushi alama.

Ripoti nyingi za aina hii zimerithi kiolezo cha pwani. Pwani, kina hupimwa kutoka maji ya bamvua yanapokupwa, kwa hiyo sifuri inajulikana. Bwawani hakuna kupwa na kujaa kwa namna hiyo. Mtera inaruhusiwa kucheza kati ya mita 698.50 juu ya usawa wa bahari ikijaa na mita 690.00 kiwango cha chini cha kuzalisha umeme. Hiyo ni tofauti ya mita nane na nusu. Ripoti ikiandika "njia itachimbwa hadi kina cha mita 1.5" imeandika maneno yasiyo na maana. Mita 1.5 kutoka maji ya Juni au ya Novemba? Njia iliyochimbwa kwa kipimo cha Juni inaweza kuwa korongo kavu mwisho wa mwaka, na wavuvi watakuwa wamelipia shimo.

Inavyotakiwa ni hivi. Jumuiya ya wavuvi na mhandisi wakubaliane kiwango cha chini kabisa ambacho bado boti zipite. Tuseme 694.00. Boti ya mbao yenye mashine inazama sentimita 60 ukihesabu na mguu wa mashine. Ongeza sentimita 30 za usalama chini yake, ongeza nyingine 30 za tope litakalorudi kabla ya usafi unaofuata. Jumla mita 1.2. Kwa hiyo sakafu ya njia iandikwe 692.80 juu ya usawa wa bahari, na namba hiyo iwe kwenye ombi, kwenye mchoro, kwenye kibali na kwenye mkataba wa mchimbaji. Ofisi inayoandika hivyo inajua inachofanya.

Upimaji wenyewe hauhitaji mitambo ya kutisha, ila unahitaji mtu kuingia kwenye mtumbwi. Kwenye maji ya chini ya mita mbili yenye matete, kipima kina cha sauti hudanganywa na majani na tope laini. Upondo, ile fimbo ndefu ya kusukumia mtumbwi, ndio unaosema kweli, mradi uwe na alama kila sentimita 10. Na ziwe fimbo mbili. Moja ina sahani ya bati ya upana wa kiganja chini yake: hiyo husimama juu ya tope. Ya pili ni nondo tupu: hiyo inazama hadi ardhi ngumu. Unasoma ya kwanza, unasoma ya pili, tofauti ni unene wa tope laini. Ukitumia upondo mtupu peke yake unapata kina cha uongo, tope la nusu mita linaonekana kama maji, na hesabu yote inaharibika. Pima kila mita 5 kukata njia, na mistari hiyo ya kukata iwe kila mita 20 au 25. Kando ya maji pigilia kigingi chenye mita, na usome kiwango cha maji asubuhi na jioni siku hiyohiyo ya kazi.

Hesabu ya ujazo ndiyo inayokosewa zaidi. Chukua njia ya mfano: urefu mita 400, sakafu mita 10 ili boti mbili za upana wa mita 2 zipishane, na wastani wa kuchimba mita 1.2. Ofisi yenye haraka huzidisha 400 kwa 10 kwa 1.2 na kupata mita za ujazo 4,800. Lakini tope halisimami wima kama ukuta wa tofali. Kwa tope laini mteremko wa kando ni mita 4 kwenda pembeni kwa kila mita 1 ya kina. Ukiweka miteremko hiyo pande zote mbili, unapata mita za mraba 17.76 kwa kila mkato, yaani 7,104 za ujazo kwa njia nzima. Halafu hakuna mashine inayokata sakafu sawasawa kama kisu. Ruhusu sentimita 20 za kupitiliza, ongeza 800. Sasa ni 7,904.

Tazama hatari yake. Kibali kikitoka cha 4,800 na kazi halisi ni 7,904, mchimbaji ataishia njiani au atavunja sharti. Vyote viwili ni hasara ya mteja. Mshauri amekwisha kulipwa.

Tope likitoka linakwenda wapi? Hapa ndipo maombi mengi hurudishwa, na ni haki yarudishwe. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa. Mtera ufuko ni bapa, maji yanatembea mbali sana yakipanda, kwa hiyo mita 60 zipimwe kutoka mstari wa 698.50. Ukipima kutoka maji ya kiangazi, mlundo wako utasombwa masika yajayo na kurudi palepale ulipoutoa.

Likinyonywa kwa pampu, tope hutanuka. Kwa tope lenye mfinyanzi kadiria mara moja na nusu: 7,904 inakuwa karibu 11,900. Likilazwa unene wa mita moja linahitaji kama ekari tatu, zenye tuta la kuzunguka lililo juu zaidi ya tope kwa sentimita 60, na tundu la kutolea maji lenye mbao za kupandisha na kushusha. Maji yanayorudi bwawani yanahitaji kuombewa kibali cha kutiririsha kwa bodi ya bonde. Kifurushi kisichotaja ekari hizo ni za nani, kwa barua ya kijiji, hakijakamilika.

Kipimo cha kujua kama bwawa la kutuliza tope, yaani eneo hilo lenye tuta, litatosha kinafanyika kwenye chupa. Jaza tope theluthi moja ya chupa ya maji ya lita moja, ongeza maji, tikisa vizuri, iweke dirishani. Mchanga unakaa chini kabla hujamaliza kuhesabu hadi sitini. Vumbi la mto, chembe laini kuliko mchanga, linachukua saa. Kesho yake ukikuta maji bado yana rangi ya chai ya maziwa, hilo ni tope la mfinyanzi: pampu ya kunyonya itakutesa, na bwawa la kutuliza liwe kubwa au ligawanywe vyumba viwili. Chupa tatu, moja kutoka mwanzo wa njia, moja katikati, moja mwisho. Hiyo haiondoi haja ya sampuli za maabara, lakini inakuambia mapema uombe kibali cha njia gani ya kuchimba.

Na ikiwa chupa inaonyesha mchanga safi, mtu atakushauri uuze. Mchanga ni madini ya ujenzi chini ya Sheria ya Madini ya 2010. Kuutoa ili boti ipite ni jambo moja. Kuuza lori hata moja ni jambo la leseni, na hilo ni la Tume ya Madini. Kibali cha mazingira hakibebi leseni hiyo mgongoni.

Kitu kimoja kizuri tulichokiona kwenye kifurushi, na tunakipongeza kwa moyo wote, ni pendekezo la kuchimba pakavu. Maji ya Mtera hushuka kuelekea Novemba, kabla ya mvua za Desemba. Sehemu kubwa ya njia ikiwa nje ya maji, kijiko (mashine ya kuchimbia) cha mkono mrefu kinachimba juu ya magogo au mikeka ya mbao, tope halichafui maji, halitanuki kama la pampu, na pazia la kuzuia tope, kitambaa kinachoning'inizwa majini ili tope lisisambae, linahitajika mdomoni mwa njia tu. Pazia lenyewe lisiguse sakafu. Liachwe sentimita 30 hadi 50, la sivyo upepo wa Dodoma unalikokota na kutimua tope kuliko mashine. Ugumu wa njia hii ni kwamba kijiko kikizama kwenye tope bichi hutoki nacho kwa siku moja, na mvua hazisubiri. Kwa hiyo nondo ya kupimia tope inahitajika tena kabla mashine haijashuka. Mafundi pia wapangiwe mlinzi wa maji: Mtera ina viboko na mamba.

Ushirikishwaji wa wananchi kifurushi kinaupitia juu juu. Orodha ya saini za mkutano wa kijiji ipo, lakini swali muhimu kwa wavuvi halikuulizwa: perege wanatengeneza viota wapi? Perege huchimba viota kwenye maji mafupi yenye sakafu ya mchanga, mara nyingi palepale ambapo mchoraji anaona pepesi kupitisha njia. Wazee wa mwalo wanajua. Wapelekwe na mtumbwi waonyeshe, sehemu hizo ziwekwe kwenye ramani, njia ipindishwe. Kupindisha mita 30 kwenye karatasi hakugharimu kitu.

Kuhusu malipo, ada za serikali zitengwe na ujira wa mshauri, na kila ada ulipe mwenyewe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye jina la mradi wako. Ujira usilipwe wote mwanzoni. Awamu ya kwanza ilipwe baada ya kukabidhiwa ramani ya kina yenye namba za juu ya usawa wa bahari na hesabu ya ujazo yenye miteremko. Dai pia faili la vipimo ghafi, siyo ripoti iliyopigwa chapa tu, kwa sababu kazi ikiisha njia itapimwa tena kwenye mistari ileile, na usipokuwa na vipimo vya mwanzo huwezi kumthibitishia mchimbaji kwamba ameacha kilima katikati.

Anayetaka kijiko kishuke Oktoba ijayo aingie na upondo bwawani sasa, maji yakiwa bado juu na mtumbwi unafika kila mahali, maana yakishuka sehemu ya njia utaipima kwa miguu ndani ya tope la magoti.