Bastola kwa Mtu Mashoto: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Karibu kila bastola utakayopewa uishike dukani imeundwa kwa dole gumba la mkono wa kulia. Kitufe cha kuachia magazini (kasha la risasi linaloingia mpinini) kiko ubavu wa kushoto, kizuizi cha slaidi (kinachoishikilia nyuma sehemu ya juu ya bastola inayotembea) kiko kushoto, na sefti, yaani kifungio cha usalama, kama ipo, mara nyingi iko kushoto vilevile. Cheti chako cha umiliki kinafungamana na silaha moja yenye namba yake, kwa hiyo ukikosea huwezi kuirudisha kesho yake kama kiatu kilichobana. Amua kabla hujajaza fomu.

Anza na sefti, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Ukishika bastola kwa kushoto, kidole chako cha shahada kinalala ubavu wa kushoto, pale pale palipo vitufe, na gumba linalala kulia. Kama sefti iko kushoto peke yake, utaitoa kwa kidole cha shahada kisha kidole hichohicho kirukie kifyatulio, au utalegeza mkono ili gumba livuke upande wa pili. Ya kwanza huzaa risasi isiyokusudiwa. Ya pili inaharibu mshiko katika sekunde unayouhitaji zaidi. Bastola ya namna hiyo usiinunue, hata ikiwa nzuri na bei imeshuka.

Kitufe cha magazini kinavumilika. Kidole cha shahada kinakibonyeza bila shida, na kikiwa hapo hakiwezi kuwa kwenye kifyatulio. Kizuizi cha slaidi ndicho kinachojalisha kidogo kuliko vyote: badala ya kukishusha, shika slaidi kwa nyuma na mkono wa kulia, vuta hadi mwisho, achia ghafla. Usiisindikize kwa mkono, maana ikirudi polepole risasi haiingii sawasawa kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kupigwa. Maganda yanayorukia kulia yanasumbua kwenye bunduki ndefu. Kwenye bastola iliyonyooshwa mbele yako, miwani inatosha, nayo huvaliwa na kila mtu.

Kwa vigezo hivyo, hii ndiyo orodha yetu ya bastola za risasi za 9 mm.

Ya kwanza ni Glock 19 ya kizazi cha tano, iliyotoka mwaka 2017. Haina sefti ya kubonyeza kwa gumba, ina kizuizi cha slaidi pande zote mbili, na kitufe chake cha magazini kinahamishika. Magazini ni ya risasi 15, vipuri havisumbui, na mafundi wengi wa silaha wanaijua. Angalizo moja: ukihamisha kitufe kwenda kulia, magazini za zamani zenye pengo upande mmoja hazitakamata. Nunua zile zenye pengo pande zote mbili.

Ya pili ni Heckler & Koch SFP9, ambayo Marekani huuzwa kwa jina VP9. Kwa umbo peke yake ingekuwa ya kwanza. Toleo lenye kibonyezo cha kuachia magazini chini ya kikinga kifyatulio hubonyezwa kutoka upande wowote bila kuhamisha kitu, na vibao vya ubavuni vya mpini hubadilishwa kulingana na kiganja. Imeshuka nafasi kwa sababu ya bei yake na ya magazini zake.

Ya tatu ni CZ P-10 C, yenye kizuizi cha slaidi pande zote. Kitufe cha magazini kinatofautiana kwa toleo, kwa hiyo kiangalie kwa mkono wako.

Beretta 92FS inafuata: sefti iko pande zote mbili na kitufe cha magazini kinageuzwa, ila mpini ni mnene na bastola yenyewe nzito. Mwenye vidole vifupi aiache.

CZ 75, ile familia ambayo Wakenya wanaiita Ceska, ni bastola imara sana, lakini CZ 75 B ya kawaida ina sefti ya kushoto peke yake. Kwa mashoto inaangukia mwisho. Ukiipenda, tafuta CZ 85, ndugu yake mwenye sefti na kizuizi pande zote mbili.

Rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, haina sefti ya kukusumbua, ila silinda hufunguka kushoto na kuijaza upya kwa mashoto kunachelewa. Kampuni ya Charter Arms imetengeneza Southpaw, inayotumia risasi za aina ya .38 Special na kubeba 5, ambayo silinda yake hufunguka kulia.

Je, uhamishe kitufe cha Glock? Kama unapiga shabaha uwanjani tu, kiache ukitumie kwa kidole cha shahada. Kama unaibeba kiunoni, kihamishe. Kenya, Tanzania na Uganda dereva huketi kulia, na kifungo cha mkanda wa gari kiko nyongani kushoto, palepale bastola yako ilipo. Kitufe kikiachwa kushoto hutazama nje, na kifungo hicho kinaweza kukibonyeza. Magazini inashuka kidogo bila kudondoka. Risasi iliyo kwenye chemba itatoka, ya pili haitakuja.

Kazi yenyewe ni fupi. Toa magazini, koki (vuta slaidi nyuma na kuiachia) mara kadhaa, kisha tazama chemba na uipapase kwa kidole. Ingiza bisibisi nyembamba kupitia tundu la magazini, sukuma waya wa springi utoke kwenye pengo la kitufe, chomoa kitufe, kiingize kutoka upande wa pili, rudisha waya kwenye pengo. Jaribu kwa magazini tupu: ishike kwa mlio, ivute chini kwa nguvu isitoke, kisha bonyeza idondoke yenyewe. Ikikwama, waya haujakaa.

Kizuizi cha pande zote nacho kina kero yake. Magumba yakikilalia, slaidi haibaki nyuma risasi zikiisha, na wengi hulaumu magazini. Shusha magumba kidogo kabla hujampelekea fundi.

Ala nunua ya kushoto, ngumu, inayofunika kifyatulio chote, na iliyotengenezwa kwa modeli hiyohiyo. Ala ya kulia ukiivaa kushoto hugeuza mpini uelekee mbele, na ukichomoa mtutu unapitia watu walio kando yako. Ukishaivaa, bastola ikiwa tupu, keti garini, funga na ufungue mkanda mara kumi, kisha shuka ukague kama magazini bado imeshika.