Noah D4 inayolia ikiwashwa asubuhi: uzoefu wangu na gereji inayopima kwanza

Nina Noah ya 2004, ile AZR60 yenye injini ya 1AZ-FSE, mtaani wanaiita D4 basi, yaani nozeli zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Naitumia kwa familia na kwa kubebea masufuria ya shughuli, kwa hiyo siku nyingi inawashwa saa kumi na moja alfajiri na hapo ndo ilikuwa inaniaibisha kwa majirani. Ukipiga stata tu inatoa krrrrr kama kopo lenye kokoto, sekunde mbili hivi, halafu kimya, injini inatulia kama hakuna kilichotokea. Ukizima ukawasha tena hapo hapo hailii. Ukienda sokoni ukarudi ukawasha hailii. Mpaka ilale.

Sasa hiyo tabia ya kulia ikiwa imelala tu ndo inawashinda mafundi wengi, maana ukifika gerejini saa tatu gari ishachemka na hakuna cha kusikia. Gereji ya kwanza (jina silisemi) walichomeka mashine, haikuonyesha kosa lolote, na kweli taa ya injini haijawahi kuwaka, ila fundi akaniambia, "Dada, cheni ya taimingi imekwisha hiyo, na hizi D4 ndo zilivyo, bora tutafute injini nyingine." Hajafungua hata nati moja! Nikamuuliza umejuaje, akasema uzoefu. Nikapanda gari langu nikaondoka.

Ya pili ni gereji ndogo tu maeneo ya Tabata, hii ndo naisifia. Wana utaratibu wa kulipia kupima, elfu hamsini, na ukikubali matengenezo wanaikata kwenye hela ya ufundi. Watu wengi wanaona hiyo elfu hamsini ni wizi. Mi naona ni bei rahisi sana ukilinganisha na kununua spea kwa kubahatisha. Fundi hata hakugusa gari kwanza, alianza na maswali: inalia ukiwasha tu au hata ukikanyaga mafuta, oili gani imo humo, filta ulinunua wapi. Akamaliza akasema, "Dada, hii gari ilale hapa, kesho asubuhi uje tuiwashe pamoja."

Nikaenda. Kijana wake akapiga stata, yeye kaweka bisbisi ndefu sikioni, ncha iko upande wa cheni. Ikalia krrr. Akasema iko juu, kwenye kamshafti ya inteki, ule mtaimbo unaofungua vali za kuingizia hewa, siyo chini. Nikambana anieleweshe na akanielewesha: cheni iliyolegea kweli mara nyingi haiishii kulia mara moja ikanyamaza, utaisikia inarudi ukipandisha na kushusha mzunguko. Biringi za chini zinagonga kwa sauti nzito na zinazidi ukiwa na mzigo. Kile kibati cha kuzuia joto kwenye ekzozi kikilegea kinalia kisauti chembamba hata gari ikiwa sailensi, yaani inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta. Na ule mlio mwepesi wa tik tik usiokoma ni nozeli na pampu ya presha, D4 inazaliwa nao, usitoe hela yako hapo.

Akachomoa kijiti cha oili, kitu kizito cheusi, 20W-50, si mnajua ule ushauri wa gari kuukuu iwekee oili nzito. Kumbe gia ya VVT-i, ile iliyo kwenye kamshafti ya inteki inayobadilisha muda wa vali kufunguka, inafanya kazi kwa presha ya oili, na ukizima gari kuna kipini ndani yake kinatakiwa kuifunga isicheze mpaka presha ifike tena. Oili nzito inachelewa kupanda, halafu filta za bei chee ile raba ya ndani haizuii oili kushuka usiku, kwa hiyo asubuhi juu kunakuwa kukavu. Ndo maana inalia hata Dar ambako hakuna baridi ya maana, tatizo siyo baridi, tatizo ni kulala. Akamwaga, akaweka 5W-30 na filta orijino, gari ikalala tena. Kelele ikapungua ila haikuisha.

Hapa ndo waliponikosha, maana angeweza kusema tayari dada, hela. Hakusema hivyo. Alitoa tenshena ya cheni, yaani kile kifaa cha kuikaza, kumbe kwenye injini hii imeshikwa na nati mbili tu kwa nje, hushushi injini wala hufungui kava ya mbele, akaangalia kale kachuma kake kametoka kiasi gani. Bado kana nafasi, cheni haijarefuka kihivyo. Ndo akafungua tapeti kava, lile la juu ya injini, na kunitumia video WhatsApp, dole gumba lina grisi linasukuma gia ya inteki, tak, inarudi, tak, wakati hapo ilipo inatakiwa imejifunga kabisa. Kipini kimelika. Ile video nimeionyesha mpaka shemeji yangu asiye na gari.

Nikataka nikatafute gia ya mtumba Ilala, akakataa, akasema utanunua iliyotoka kwenye injini ya umri huu huu yenye ugonjwa huu huu. Tukaagiza mpya, na lawama zangu zinaanzia hapa. Ilichelewa na wao mawasiliano ni sifuri, unapiga simu haipokelewi, jioni unatumiwa voisi "kesho dada", kesho yake "kesho dada", nina shughuli ya watu ikabidi nikodi Kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kwa hela yangu. Pale gerejini hakuna hata benchi kivulini na risiti mpaka ukumbushe weee. Bei ya jumla na ufundi ilikwenda laki saba na kitu, siyo ndogo, ila ile injini niliyokuwa natajiwa mwanzo ilikuwa inahesabiwa kwa mamilioni.

Sasa hivi inawaka kimya. Kibati cha ekzozi nacho kilikuwa kimelegea, wakakibana na klampu bure. Nawapa nne kwa tano, ile moja wakaichukue kwenye simu zao wasizopokea.

Halafu nyie wenye Noah za zamani zaidi, SR40 zenye 3S-FE, kwenu hakuna VVT-i wala cheni ya taimingi, mna mkanda. Fundi akikwambia cheni imelegea mwambie akuonyeshe iko wapi.