Uzoefu wangu na michoro ya msanifu wa mandhari: leveli safi, mimea ihakikiwe upya

Niliagiza huduma kamili ya usanifu wa mandhari kwa kiwanja chenye mteremko: upimaji, michoro ya ujenzi, orodha ya vifaa na ziara za kukagua kazi. Kati ya nyota tano naipa nne. Iliyopotea imepotelea kwenye mimea.

Picha za rangi, zile za miti iliyokwisha kukomaa na jua la jioni, zinapendeza lakini fundi hana kazi nazo. Ukiona mtu anatoza nafuu kuliko wenzake, uliza kwanza kama karatasi ya leveli imo, yaani mchoro unaoandika urefu wa kila sehemu ya kiwanja kwenda juu au chini.

Niliyopewa mimi imechorwa kwa skeli ya 1:100, kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye leveli moja) kila sentimita 25, na leveli zote zinasomwa kutoka alama moja: sakafu ya baraza, iliyopewa namba 100.00, kwa mita. Kila kona ya pevingi (sakafu ya nje ya vitofali) ina namba yake, vivyo hivyo juu na chini ya ngazi, mifuniko ya chemba na kitako cha mtaro. Pevingi inaanza ukutani kwenye 99.85, yaani sentimita 15 chini ya sakafu ili unyevu usipande ukutani. Inakwenda mita 6 kwa mwinamo wa asilimia 2 na kufika mtaroni ikiwa 99.73. Fundi mwenye mpira wa maji wa kupimia leveli na vigingi hahitaji maelezo zaidi. Mwinamo ukiwa chini ya asilimia 1, kasoro ndogo ya kushindilia inatosha kuacha vidimbwi. Ukizidi asilimia 4, meza inaanza kukaa upande.

Kilichonifurahisha zaidi ni kuandikwa leveli mbili, ya mwisho na ya kuchimba. Kitofali sentimita 6, mchanga 3, kokoto zilizoshindiliwa 15: jumla 24. Kwa hiyo penye 99.85 unachimba hadi 99.61. Hesabu hii ikiachiwa fundi aifanye kichwani, pevingi hutokea juu kuliko ilivyokusudiwa na ngazi ya kwanza inakuwa fupi kuliko nyingine. Ngazi zenyewe zimefuata kanuni ya kawaida: kimo mara mbili, jumlisha ukanyagio, ipatikane sentimita 60 hadi 65. Tofauti ya sentimita 90 imegawanywa vimo 6 vya sentimita 15, ukanyagio 34. Kimo kimoja kikipungua hata sentimita 3, watu watajikwaa, kwa sababu mguu ukishazoea kimo haungoji jicho.

Maji nayo walipima kabla ya kuchora. Shimo la sentimita 30 kwa 30 linajazwa maji, linaachwa linywe, linajazwa tena, ndipo unapima maji yanavyoshuka kwa saa. Yakishuka chini ya sentimita 1 kwa saa, shimo la kunyonyea, la kumwagia maji ya mvua yanywewe na udongo, halifai. Litajaa mvua za mwanzo na kubaki limejaa. Ndiyo sababu mchoro wangu una mtaro mpaka mwisho wa kiwanja.

Sasa mimea. Mchoro unaonyesha mita za mraba 40 za mimea ya kutambaa, nafasi ya sentimita 30, kwa mpangilio wa pembetatu. Orodha ikasema miche 444. Hiyo ni hesabu ya mraba, 40 gawanya kwa 0.09. Pembetatu inabana zaidi, unazidisha kwa 1.155, unapata 513. Miche 69 ikikosekana, fundi ataitawanya iliyopo na magugu yatashukuru. Hesabu hii ifanye mwenyewe kabla ya kuagiza.

Kubwa zaidi ni mchoro wa shimo la mti: kina cha mita moja, chini yake samadi na mboji, juu ndipo bonge la mizizi. Samadi ikioza inanywea, mti unazama, shingo yake, pale shina linapokutana na mizizi, inafukiwa na gome linaoza. Kina kinatakiwa kilingane na bonge la mizizi, likalie udongo usiochimbuliwa. Kinachoongezwa ni upana, mara 2 hadi 3 ya bonge. Nilipowaandikia walirekebisha bila ubishi, ila ilionekana wazi kwamba mchoro huo umenakiliwa kutoka kazi nyingine.

Ziara za ukaguzi, mkataba wao ulizipanga kwa kalenda, mara moja kila mwezi. Usikubali hivyo. Ziandikwe kwa hatua: vigingi vikishapigwa na kabla ya kuchimba, mabomba yakiwa bado wazi, kokoto zikishashindiliwa, kabla ya mchanga, na miti ikiwa bado kwenye kitalu, kwa sababu mti wenye mizizi iliyozunguka ndani ya chungu unatakiwa ukataliwe kabla haujapakiwa kwenye gari.