Kuingia maktaba ya chuo kikuu na watoto: uzoefu wangu hapa Tanga

Naandika kwa wazazi wenzangu wanaosoma shahada huku wana wadogo nyumbani. Mimi ni mwalimu wa msingi, najiendeleza, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya kusoma. Siku hiyo dada anayenisaidia anapumzika, mume wangu yuko zamu, kwa hiyo watoto wangu wawili, wa miaka minane na minne, nafuatana nao.

Watu huniuliza kwa nini nisiazime kitabu nikasomee nyumbani. Maktaba ya chuo kikuu haiendi hivyo. Kitabu ambacho mhadhiri amekitaja na darasa zima linakitaka huwekwa nyuma ya kaunta. Unaacha kitambulisho, unapewa kwa saa chache, unasomea palepale. Tasnifu za waliotutangulia nazo haziazimwi kabisa. Mtoto akizuiwa mlangoni, aliyezuiwa kusoma ni mama yake.

Na mlangoni ndiko kwenye shida kubwa ya maktaba hii, ambayo sitaitaja jina. Tangazo la ukutani linakataza chakula, mabegi na kuongea na simu. Kuhusu watoto halisemi lolote. Basi kila kitu kinabaki kwa aliyeko zamu. Mlinzi mmoja aliitikia shikamoo ya wanangu akatupisha, akaniambia tu, "Mama, wasikimbiekimbie." Jumamosi nyingine nikamkuta mwingine, naye akasema watoto hawaruhusiwi, basi. Nilikuwa nimetoka nao Pongwe, nauli nimelipa, na kazi ya kukusanya Jumatatu sijaigusa. Iliniuma sana, na bado inaniuma nikikumbuka, kwa sababu hakuna aliyeweza kunionyesha katazo hilo limeandikwa wapi.

Ndani mambo ni tofauti. Mkutubi, mama wa makamo, alituweka kwenye meza ya karibu na magazeti, mbele ya kaunta yake, mahali ambapo watu wanapita muda wote na minong'ono haimsumbui mtu. Vyumba vya kimya viko mbali na hapo. Akampa mwanangu mkubwa atlasi. Yule mtoto aliifuata reli kwa kidole kutoka Tanga, Muheza, Korogwe, Mombo, hadi Moshi, akauliza ilijengwa lini. Nikamwambia ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911. Akanyamaza akihesabu miaka. Sijawahi kumwona ametulia na kitabu namna ile, hata shuleni kwangu. Mdogo alichora mpaka akachoka, na akishaanza kulialia mimi hufunga daftari nikatoka naye. Wanafunzi wengine wamelipa ada, utulivu ni haki yao.

Nawaelewa pia wanaoogopa. Rafu ni ndefu na mtoto anaweza kuziparamia, nyaya za kompyuta zimelala sakafuni, choo kiko jengo jingine. Kwa mtoto wa miaka minne, choo cha mbali ni tatizo la kweli: unarudisha kitabu, unachukua kitambulisho, ukirudi unaanza upya.

Wengine watasema niwapeleke maktaba ya mkoa. Huwapeleka, siku nisizo na kazi ya chuo. Maktaba zile ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ni za umma, na mtoto anahesabiwa kuwa msomaji kama mtu mzima. Lakini vitabu vya kozi yangu haviko kule. Bodi hiyohiyo ina chuo Bagamoyo kinachofundisha ukutubi na uhifadhi nyaraka, kwa hiyo watu wanaojua kumhudumia msomaji mdogo nchini tunao. Vyuo vikuu viwaulize.

Ninachoomba ni karatasi moja ukutani: mtoto aingie na mzazi wake, akae meza fulani, asiachwe peke yake, na wiki za mitihani asiletwe. Hilo la mitihani nakubaliana nalo kwa moyo wote. Kanuni ikiandikwa, mlinzi hatagombana na mtu, na mimi nitajua kabla sijatoka nyumbani.

Mkutubi nampa nyota tano. Utaratibu wa mlangoni mbili. Kwa jumla tatu, na zingekuwa nne kama choo kingekuwa karibu.

Ukiamua kwenda, nenda asubuhi mapema kabla meza ya magazeti haijajaa. Watoto wale kwanza nje, wapitie choo, kisha ndiyo uchukue kitabu kaunta. Beba penseli za rangi na karatasi, simu ya katuni iache. Na muulize mkutubi siku moja kabla kama Jumamosi hiyo atakuwepo. Wangu hunijibu kila mara, na huacha maagizo mlangoni kwamba tunakuja.