Darubini ya milimita 70 na jua la Kisumu: maandalizi yangu ya Zebaki 2032

Nianze na hukumu yenyewe, maana wengi husoma mistari mitatu wakaenda zao. Kwa kupiga picha za sayari ikikatiza uso wa jua, darubini ndogo ya lenzi, kipenyo cha milimita 70 na fokasi (umbali kutoka lenzi hadi picha inapotua) ya milimita 900, inatosha. Hela inayobaki iende kwenye filta na stendi. Na kwa sisi wa pande hizi, nauli ya kukufikisha ufuoni mwa ziwa itakufaa kuliko darubini kubwa.

Tarehe ninayoiwinda ni 13 Novemba 2032. Sayari ya Zebaki itaingia kwenye uso wa jua kama saa 3:40 asubuhi kwa saa zetu na kutoka saa 8 mchana na dakika chache. Yote itaonekana Kenya, mwanzo hadi mwisho. Novemba 2019 hatukubahatika hivyo: ilianza saa 9:35 alasiri, na huku magharibi jua lilizama Zebaki ikiwa ndiyo kwanza imefika nusu ya safari. Wanaoisubiri Zuhura wajue ni Desemba 2117, kwa hiyo hiyo tuwaachie vitukuu.

Darubini yangu ni ya mtumba, niliipata kwa bei ya simu ya kawaida. Naifunga kwenye kamera ya Canon ya megapikseli 24, na jua linatua kwenye sensa (kile kibati cha ndani kinachonasa picha) likiwa na upana wa karibu milimita 8.5. Zebaki ya Novemba ni ndogo mno, kama sehemu moja kwa 190 ya upana wa jua, kwa hiyo kwenye picha yangu itachukua pikseli 11 au 12. Duara safi, jeusi, lenye ukingo. Ukitumia lenzi ya kamera ya milimita 300 utapata pikseli nne hivi, na kila utakayemwonyesha atakuuliza mbona hukufuta vumbi. Ukizidi milimita 1,600 nako, jua zima haliingii tena kwenye sensa ya ukubwa huu.

Nafanya mazoezi kwa madoa ya jua, na yalikuwa mengi 2024 jua lilipofika kilele cha mzunguko wake wa madoa, wa miaka 11 hivi. Doa kubwa huonekana pana kuliko Zebaki itakavyoonekana, ila ukiweza kuvipiga vile vidoa vidogo vya pembeni vikatoka vikali, Zebaki haitakushinda.

Sasa filta, na hapa naomba usomaji wa makini. Ndani ya boksi mlikuwa na kioo kidogo cheusi cha kufungia kwenye lenzi ya jicho, yaani ile ya nyuma unayochungulia, ati cha kutazamia jua. Kilivunjwa kwa nyundo siku hiyohiyo. Pale kwenye lenzi ya jicho mwanga umeshakusanywa wote mahali pamoja. Kioo kinachemka, kinaweza kupasuka jicho lako likiwa palepale, na hutapata hata nafasi ya kupepesa. Filta ya jua hukaa mbele ya darubini, kabla mwanga haujaingia. Nani bado anauza vitu hivi na analala usingizi, sijui.

Mimi natumia filamu ya Baader AstroSolar, utando mwembamba wa kuchuja mwanga wa jua, niliyoikata na kuitia kwenye fremu ya kadibodi iliyobana vizuri mdomo wa darubini, kisha selotepu juu yake ili upepo usiing'oe. Ziko za aina mbili. Yenye namba 5.0 hupitisha sehemu moja tu kwa 100,000 ya mwanga, na ndiyo ya macho. Yenye namba 3.8 hupitisha karibu mara 16 zaidi ya hiyo. Ni ya kamera peke yake, jicho lisikaribie. Kwa picha tofauti yake ni kubwa. Nikiwa na 5.0 kwenye ISO 100 (kipimo cha kamera kuhisi mwanga) napiga kwa 1/160 ya sekunde, na hapo mtikisiko wowote unaonekana. Nikiwa na 3.8 nafika 1/2000 na picha inatulia. Kile kidarubini kidogo cha kulengea kiondoe au ukifunike, nacho kinaunguza.

Stendi iliyokuja nayo ni bure kabisa. Miguu ya bati jembamba; ukigusa kitufe cha kamera jua linacheza chakacha. Fundi seremala wa Kibuye alinichongea miguu ya mbao na kuongeza nguzo fupi ya kuinua kichwa, kwa sababu Novemba saa sita na nusu jua la Kisumu huwa limepanda nyuzi 72 na bomba refu la darubini linagonga miguu kabla hujalifikia. Kuna watakaokushauri ununue ile stendi ya kisasa inayofuata mzunguko wa dunia. Uulize kwanza kama inashuka hadi nyuzi sifuri. Sisi tuko juu ya ikweta, mhimili wake unatakiwa ulale chali, na nyingi za bei nafuu haziwezi: ule uzito wa kusawazisha unagota kwenye mguu. Rafiki yangu wa Nakuru anayo moja, imekuwa pambo la sebuleni. Jua huchukua kama dakika mbili kusogea upana wake mwenyewe, na kwa 1/2000 ya sekunde hilo si tatizo. Unasukuma kidogo kwa mkono, unaendelea.

Mahali ndipo nilipobadili mawazo. Nakuru juu ya paa la mabati ukingo wa jua unatokota kama uji. Ukingo wa Menengai, mita 2,278, hewa ni nyepesi na anga ni safi, lakini sakafu ya kreta ni mawe meusi ya lava, na ikifika saa nne hewa moto inapanda hapo mbele yako. Kakamega sijisumbui nako, mawingu ya mchana yana kawaida yake.

Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, ni habari nyingine. Maji hayapati joto haraka kama ardhi, hewa juu yake inatulia, na ndiyo sababu Wamarekani walijenga kituo cha kutazamia jua cha Big Bear ndani ya ziwa kule California. Nasimama penye nyasi, ziwa likiwa upande wa jua, leso kichwani ili nione kioo cha kamera. Upepo wa ziwa ukianza, mfuko wa mchanga ninaouning'iniza katikati ya miguu unafanya kazi yake. Mawingu ya mvua hujikusanya upande wa Nandi baada ya saa saba, kwa hiyo Zebaki ikiingia tutakuwa salama. Wasiwasi wangu ni ikitoka. Viboko nao wana ratiba zao, waulize wenyeji kabla hujatandaza vifaa.

Kijana mmoja mvuvi alinijia: "Anko, unapima shamba la ziwa?" Nikabadilisha filamu, nikaweka ya 5.0, nikamwachia atazame. Akauliza lile doa ni nini. Nilipomwambia linaimeza dunia yetu nzima, akaniambia nisimdanganye, kisha akaenda kuwaita wenzake.

Darubini naipa nyota nne kwa tano. Moja naikata kwa gurudumu la kunolea picha, ambalo ni la plastiki na linalegea chini ya uzito wa kamera. Kaza skrubu ya juu kila ukimaliza kunoa picha. Filamu niliyonayo haitafika 2032, nitanunua mpya mwaka huohuo. Kabla ya kila matumizi iinue kuelekea kwenye balbu kali: ukiona kitundu hata cha ncha ya sindano, itupe.